Nimenunua ndege ya kuunga mwenyewe ikiwa nusu, na mimi ni mtu wa nne. Wenzangu walikwama wapi?

#1 Koleo la Gerezani

Habari za jioni wakuu. Najua mtacheka, ila someni mpaka mwisho ndipo mcheke.

Mimi ni fundi bodi, mwaka wa kumi na tisa huu nanyoosha magari Gerezani. Mwezi uliopita mteja wangu mmoja anayehama nchi aliniuzia kontena la futi ishirini lililoko kwenye kiwanja Kigamboni, si mbali na bahari. Shida yangu ilikuwa kontena, nilifanye stoo. Kulifungua, ndani kuna ndege. Ni kiti ya kuunga mwenyewe, Zenith CH 701, ya watu wawili. Mabawa mawili yameshafungwa, mkia umekamilika, kiwiliwili kina sakafu na ubavu mmoja tu. Injini hakuna. Michoro ipo ila kurasa zimegandana kwa unyevu.

Nilipompigia alicheka. Akasema naye aliuziwa hivyo hivyo, na aliyemuuzia naye alikuwa kauziwa. Yaani watatu wote waliiacha njiani.

Nimeamua kuimalizia. Sina haraka, ni kazi ya Jumapili. Lakini kabla sijagusa kitu nataka kujua walikwama wapi, maana bawa la kushoto lina mambo. Nikimulika tochi kwenye shina lake naona unga mweupe juu ya mbavu. Kwenye vichwa vya riveti kuna michirizi ya kutu kama machozi. Na pale bawa linapokutana na kiwiliwili, riveti kumi na mbili zimetobolewa zikatolewa, matundu yako wazi. Bawa la kulia safi kabisa.

Wajuzi, hii inasomekaje?

#2 Pweza Mkavu

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja wajuzi waje.

#3 Chachandu

Mkuu, ni kiti CHA ndege au kiti YA ndege? Maana viti vya ndege viko kwenye baa moja Sinza na havijawahi kumfikisha mtu popote.

#4 Koleo la Gerezani

Haya, tuite seti. Seti ya ndege. Umeridhika?

#5 Injinia Msumari

Mbona jibu liko kwenye maelezo yako? "Injini hakuna." Wote watatu walikwama hapo. Bati na riveti mtu ananunua kidogo kidogo, leo mkia, mwakani bawa. Injini huwezi kuinunua robo robo. Ndege hiyo inabebwa na Rotax 912, ya nguvu farasi 80 au 100, na bei ya injini mpya peke yake inakupa gari zuri tu hapa mjini. Mtu anafika hapo, anaangalia ada za watoto, anafunga kontena.

#6 Vitz Nyeusi

Mnapenda kukuza mambo. Ilala pale injini ya 1NZ ya IST au Vitz unaipata kwa bei ya kawaida, nguvu farasi zaidi ya mia, inawaka kila asubuhi, spea kila kona. Funga pangaboi mbele, ondoka.

#7 Injinia Msumari

#6 ngoja tupige hesabu. Hizo farasi mia za 1NZ unazipata kwenye mizunguko kama 6000 kwa dakika, sawa na mara 100 kwa sekunde. Chukua propela ya mita 1.73. Ncha yake kwa mzunguko mmoja inatembea mita 5.4. Zidisha kwa 100, ni mita zaidi ya 540 kwa sekunde. Mwendo wa sauti ni 340. Ncha ikivuka hapo inapiga kelele tu, haivuti. Ndiyo maana Rotax ina giaboksi ya 2.43 kwa 1: injini inazunguka 5800, propela inazunguka chini kidogo ya 2400. Bila giaboksi hiyo IST yako ni feni.

#8 Hesabu Haidanganyi

Marekebisho madogo kwa #7. Hiyo 340 ni ya hewa ya nyuzi 15. Kwa joto la Dar la nyuzi 32 ni kama 350. Hoja yako inabaki palepale, lakini tusimdanganye mtu.

#9 Vitz Nyeusi

Sawa, nimekubali giaboksi. Gerezani hawachongi gia? Mleta uzi mwenyewe yuko huko.

#10 Mzee wa Ukonga

Wanachonga, kijana, na nzuri. Tatizo si meno ya gia. Injini ya pistoni haizunguki laini, inasukuma kwa vipigo. Propela nayo ni nzito na haipendi kubadilishiwa mwendo. Vile vipigo vinakutana katikati, kwenye shafti na gia, vinapinda na kupinduka maelfu ya mara kwa dakika. Vikioana na mtetemo wa shafti yenyewe, chuma kinakatika hata kama fundi alikichonga vizuri. Waliofanikiwa kugeuza injini za magari wapo, Volkswagen ya kobe imerusha ndege ndogo nyingi tu tangu zamani, kwa sababu ni nyepesi, inapozwa na hewa, na propela yake fupi hufungwa moja kwa moja bila gia. Lakini hiyo ni miaka ya watu kujaribu na kuvunja.

#11 Koleo la Gerezani

Shikamoo mzee. Nilikuwa nakusubiri mtu kama wewe. Vipi ule unga na ile kutu?

#12 Kipanga wa Goba

Kabla mzee hajajibu, mimi nasema si injini. Ni karatasi. Ndege ya kujengea uani haina cheti cha kiwanda kinachosema aina hii imepimwa ikapita. Kila moja inabeba ushahidi wake yenyewe: picha za kila hatua, daftari la ujenzi, risiti za bolti. Huyu ana ndege ya wajenzi watatu na hana ukurasa hata mmoja. Atamwonyesha nani?

Halafu hata ukipewa ruhusa ya kuruka hapa nyumbani, mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, unazilazimisha nchi kutambua vyeti vya ndege zilizofikia kiwango cha kimataifa tu. Hizi hazimo. Ukitaka kwenda Mombasa, unaomba ruhusa ya wenyewe.

#13 Dada wa Pantoni

#12 mbona wale vijana wa Afrika Kusini walipita? 2019 vijana ishirini waliunga Sling 4 kutoka seti kwa wiki tatu, wakairusha Cape Town mpaka Cairo, na Tanzania na Zanzibar walitua. Rubani alikuwa binti wa miaka 17.

#14 Kipanga wa Goba

Walipita kwa sababu waliomba ruhusa nchi kwa nchi, na kiwanda kilikuwa hapohapo Johannesburg kinawashika mkono. Wiki tatu ni kwa watu ishirini, dada. Huyu yuko peke yake na Jumapili zake.

#15 Chachandu

Na Jumapili nyingine kuna harusi.

#16 Mzee wa Ukonga

Marahaba Koleo. Nimestaafu, lakini mikono bado inakumbuka.

Tuanze na machozi ya kutu. Hiyo ndege hufungwa kwa riveti za kuvuta, siyo za kugonga. Ganda lake ni alumini, lakini msumari wa ndani unaovutwa ni chuma, na kipande chake kinabaki ndani ya riveti. Kwa hewa ya Kigamboni kile kipande kinapata kutu na kinatiririsha rangi nje. Inatisha kwa macho, ila mara nyingi ni uso tu. Futa, chunguza kama kichwa kinacheza. Kisipocheza, endelea na maisha.

Unga mweupe ni jambo jingine. Hiyo ndiyo kutu ya alumini yenyewe. Inakula bati. Swali ni imekula kiasi gani.

Na usije ukaenda Kariakoo kununua popu riveti za kufungia mabango. Za ndege hiyo zina kichwa bapa, na unazivuta kwa ncha ya mashine iliyochongwa shimo la mviringo, kichwa kinageuka kuba. Ukizilinganisha mkononi zinafanana. Kwenye mzigo ni vitu viwili tofauti.

Umeshausafisha ule unga? Kwa kitu gani?

#17 Koleo la Gerezani

Kwa kitu gani tena, mzee... kwa brashi ya waya. Sehemu ndogo tu, karibu na shina. Gari tunafanya hivyo.

#18 Mzee wa Ukonga

Acha hapohapo. Brashi ya chuma inaacha chembe za chuma ndani ya alumini, na chuma juu ya alumini kwenye chumvi ni betri. Umeipandia mbegu. Tumia ile pedi ya nailoni ya kusugulia, au sufi ya alumini, suuza, kausha, paka dawa siku hiyohiyo. Kigamboni ukisema utapaka kesho, kesho umechelewa.

#19 Pweza Mkavu

Fundi ameponza bawa kabla ya wajuzi kufika. Ila tumshukuru, amekiri.

#20 Mwana wa Timazi

Mimi ni fundi ujenzi wa nyumba, ndege naziona zikipita juu ya Kipawa. Nilichokiona kwenye #1 ni kimoja: riveti hazikudondoka, ZIMETOBOLEWA. Mtu kakaa na drili akatoa kumi na mbili kwa mpangilio. Kwenye nyumba, mtu akibomoa kozi mbili za juu maana yake ameweka pima maji akaona ukuta umelala. Hilo bawa limepinda. Jamaa alijaribu kulirudisha, likamshinda.

#21 Injinia Msumari

#20 huyu mjenzi kaongea kitu. Bawa likipinda, upande mmoja unanyanyua zaidi, ndege inataka kulalia upande siku zote. Kupima ni rahisi: liweke juu ya vigoda, pima maji ya kielektroniki juu ya kila ubavu kuanzia shina mpaka ncha, andika namba. Namba zikitembea polepole kuelekea upande mmoja, limepinda.

#22 Kopo la Rangi

Au aliangusha spana ndani. Msicheke, mjomba wangu aliwahi kufungua tangi la maji zima kutafuta pete.

#23 Binti Mabibo

Shikamooni wakubwa. Nasomea matengenezo ya ndege hapa Mabibo, mwaka wa pili, kwa hiyo nisahihisheni nikikosea.

Kaka Koleo, huo unga umekaa kama mabaka au kama mistari?

#24 Koleo la Gerezani

Sikuangalia hivyo. Jumapili nitavuka tena nione.

#25 Tozo Hapana

Unavuka kwa pantoni au daraja? Nauliza kwa niaba ya mfuko wangu.

#26 Shemeji wa Taifa

Tukisubiri Jumapili, ninyi mnasahau historia. Kuna Mfaransa Henri Mignet, 1933 alirusha kindege chake cha kujengea nyumbani, watu wa kawaida wakakipenda, Uingereza nzima wakajenga kwenye magereji. Kisha wakaanza kufa. Kikiinamisha pua kupita kiasi hakirudi. Walipokipeleka kwenye handaki la upepo wakaona mabawa mawili yalivyopangwa, la mbele na la nyuma, yanaharibiana hewa. Uingereza ikakipiga marufuku 1936. Wale wajenzi hawakukosea msumari hata mmoja. Mchoro ndio uliowaua. Kwa hiyo huenda wenzako watatu waliiogopa tu.

#27 Mzee wa Ukonga

Mfano mzuri, ila si kwa ndege hii. CH 701 imeruka duniani tangu miaka ya 1980, ina vibawa vidogo vilivyogandishwa mbele ya bawa, inashika hewa kwa mwendo wa polepole sana na kuondoka kwenye kiwanja kifupi mno. Mchoro wake hauna ugomvi. Ugomvi ni nani alishika drili.

Kama unataka mfano wa kumtisha Koleo, mpe wa John Denver, yule mwanamuziki. Alikufa Oktoba 1997 kwenye ndege aliyoinunua, iliyojengwa na mtu mwingine. Mjenzi hakufuata mchoro, koki ya kubadili tangi la mafuta akaiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Wachunguzi walisema rubani alikuwa akigeuka kuifikia, ndege ikamponyoka, akaangukia baharini. Rubani mzoefu kabisa. Ndege ya kurithi ina maamuzi ya watu usiowajua, nawe unayakalia.

#28 Vitz Nyeusi

Mzee leo unatunyima usingizi.

#29 Chachandu

Na yule wa Tunduma, Mbeya, aliyetengeneza helikopta nyumbani? Huyo hakuwa na seti wala mchoro.

#30 Hesabu Haidanganyi

Tunduma ni Songwe, siyo Mbeya. Tangu 2016.

#31 Chachandu

Ndiyo maana sikuolewa na mtu wa hesabu.

#32 Kliaringi wa Kurasini

Nimeona mnajadili injini, naongeza la upande wangu. Ukiagiza, usimwachie wakala aandike "spea za mashine". Injini ya ndege ya petroli ina fungu lake la ushuru, 8407.10. Propela ni 8807.10, na usikubali mtu akuandikie 8803, ilifutwa kwenye mabadiliko ya 2022. Kitu kingine watu hawakijui: bidhaa ikija imevunjwavunjwa vipande vya kuunga, forodha huihesabu kama bidhaa kamili. Seti nzima ikiingia kwa pamoja ni ndege, hata kama iko kwenye makasha ya mbao. Nilikuwa na mteja aliyebishana na wakala wake juu ya hilo, mzigo ukalala bandarini, gharama za kuhifadhi zikala pesa ya redio. Hakuimalizia. Sisemi ndiye mmoja wa watatu wako, ila hadithi inafanana.

#33 Injinia Msumari

Kwa hiyo tunarudi kwenye #5. Pesa.

#34 Kipanga wa Goba

Hapana, tunarudi kwenye #12. Makaratasi yalikula pesa.

#35 Ngalawa Tupu

Mmekosea wote. Ni upweke. Marekani wana chama chao cha wajenzi tangu 1953, makao Oshkosh. Mtu akikwama kwenye ubavu wa tatu, jirani wa mtaa wa pili anakuja na kahawa na drili yake. Hata kanuni yao ya asilimia 51 inakubali: sehemu kubwa ijengwe na watu wanaojifunza na kujifurahisha, hata wakipokezana wanne, mradi wasiwe mafundi wa kulipwa. Hapa ukisema unajenga ndege, jirani anakuletea shehe.

Mimi nilijenga mashua ya mbao Mbweni. Miaka sita. Mwaka wa nne nilikuwa naenda kuiangalia tu, sipigi msumari. Haikuwa pesa, mbao zilikuwepo. Hakukuwa na mtu wa kumwambia "njoo uone hiki kiungo". Nimeimaliza kwa sababu mvuvi mmoja alianza kupita kila Jumamosi kunikosoa.

#36 Dada wa Pantoni

#35 hilo la mvuvi limenigusa. Koleo, sasa unao wakosoaji thelathini na tano.

#37 Vitz Nyeusi

Hata hao Wamarekani hawako salama. Van's, kiwanda kikubwa kuliko vyote cha seti, si kilifilisika kikafunga?

#38 Injinia Msumari

Hakikufunga. Desemba 2023 kiliomba ulinzi wa mahakama, moja ya sababu ni vipande vilivyokatwa kwa leza ambavyo matundu yake yalikuwa yakipasuka, wakalazimika kuvibadilisha. 2024 wakatoka na kuendelea. Seti zao zilizoruka ni zaidi ya elfu kumi na moja.

#39 Koleo la Gerezani

Wakuu nimetoka Kigamboni sasa hivi, mikono bado inanuka dawa.

Binti Mabibo, ni MISTARI. Imenyooka kama ya rula. Mingine inakatana kama msalaba, na katikati ya kila msalaba kuna tundu la riveti. Kati ya mstari na mstari bati ni safi. Umejuaje?

Halafu nimepima matundu ya zile riveti kumi na mbili mpaka ukingo wa bati. Saba ziko milimita 9. Tano ziko 6. Riveti ni za milimita 4.

#40 Binti Mabibo

Ni penseli, kaka.

Tulionywa siku ya kwanza kabisa ya karakana. Risasi ya penseli si risasi, ni grafiti, na grafiti ikigusa alumini penye unyevu wa chumvi ni kama kugusanisha metali mbili adui. Alumini inaliwa kwenye ule mstari. Alama huchorwa kwa makapeni laini. Mtu wa kwanza alichora mistari yake kwa penseli kama seremala, akatoboa kwenye makutano, akafunga bawa. Miaka ikapita.

Bawa la kulia ni safi kwa sababu lilichorwa na mtu mwingine. Mulika humo, natumaini utaona wino.

#41 Pweza Mkavu

Kudadeki. Nimesimama kwenye siti ya mbele.

#42 Koleo la Gerezani

Nimepiga simu kwa mlinzi wa kiwanja aende na tochi. Anasema bawa la kulia "kuna alama za bluu". BLUU.

#43 Mzee wa Ukonga

Hongera binti, umeona jambo ambalo mimi nililipita. Lakini tusimfunge mtu kwa penseli peke yake. Kontena la chuma lisilo na tundu la hewa linatoa jasho kila usiku, matone yanadondokea kilicho chini yake. Kama bawa la kushoto lilikuwa juu na la kulia chini yake, lile la juu limekunywa maji yote. Penseli imeelekeza kutu ipite wapi. Imeanzishwa na nini, bado sijui. Na je, mbavu hizo zilipakwa rangi ya kinga kabla ya kufungwa?

#44 Koleo la Gerezani

Za kushoto hazina rangi. Za kulia zina rangi ya kijani. Na la kushoto ndilo lililokuwa CHINI, mzee.

#45 Mzee wa Ukonga

Basi nimejijibu vibaya. Au maji yalisimama sakafuni.

#46 Mwana wa Timazi

Mnasherehekea penseli mnasahau riveti. Milimita 6 na 9 maana yake nini?

#47 Injinia Msumari

Kanuni ya kawaida: kitovu cha tundu kikae mbali na ukingo angalau mara mbili ya kipenyo cha riveti. Riveti ya 4 inataka 8. Kwa hiyo saba ni halali, tano ziko karibu mno, bati linaweza kuchanika kuelekea ukingoni. Tena shinani, ambako mzigo ni mkubwa. Nadhani wa pili au wa tatu alikagua kazi ya yule wa penseli, akaziona tano mbaya, akazitoa, akagundua dawa yake ni kubadili bati lote la kipande kile. Akauza.

#48 Mwana wa Timazi

Mbona akatoa na zile saba nzuri?

#49 Injinia Msumari

Ili kunyanyua bati aone.

#50 Mwana wa Timazi

Au ili kunyoosha bawa lililopinda, kama nilivyosema. Hamjaweka pima maji mpaka sasa. Post arobaini na tisa hakuna aliyeweka pima maji.

#51 Kopo la Rangi

Nashikilia spana. Tikisa bawa usikilize.

#52 Hesabu Haidanganyi

Wakati mnabishana, nimempigia mleta uzi hesabu ya uzito. Ndege hiyo ikiwa tupu ni kama kilo 260, ikijaa haitakiwi kupita 500. Petroli lita 70 ni kilo kama 50. Zinabaki 190 za watu wawili. Koleo, una kilo ngapi?

#53 Koleo la Gerezani

Hilo swali silijibu hadharani.

#54 Chachandu

Mia na kumi na mbili. Namfahamu. Anaegesha magari mbele ya duka langu.

#55 Hesabu Haidanganyi

Basi abiria wako ana 78, na asibebe begi.

#56 Kipanga wa Goba

Koleo, ushauri wangu haujabadilika. Kabla hujatoa riveti hata moja, piga picha kila kitu, andika kila kipimo na tarehe kwenye daftari gumu, uende Mamlaka ya Usafiri wa Anga pale Banana na maswali yako. Usianze kujenga halafu ndiyo uulize.

#57 Ngalawa Tupu

Nami nasema aanze kujenga, hata kama ni ubavu mmoja wa mazoezi kwenye meza. Akianza na ofisi, kontena litafungwa mara ya nne.

#58 Koleo la Gerezani

Nimewasikia wote. Niliyoyafanya: nimenunua daftari. Nimetoboa matundu mawili ya hewa kwenye kontena, juu na chini, nikaweka wavu. Michoro nimeianika ukurasa kwa ukurasa na poda ya mtoto katikati, inaachana taratibu.

Bawa la kushoto sijaligusa. Nikiangalia ile mistari namwona yule jamaa wa kwanza, rula na penseli sikioni. Kazi yake ni safi, wakuu. Hayo matundu yamekaa kwenye mstari kuliko ninavyopiga mimi. Hizo tano za milimita 6 nashindwa kuamini ni za mkono wake.

#59 Binti Mabibo

Angalia kama hizo tano zina alama ya penseli kando yake au hazina.

#60 Koleo la Gerezani

Hapo nilishapiga brashi ya waya.

#61 Pweza Mkavu

🤦🏾

#62 Mzee wa Ukonga

Jumapili nitavuka mwenyewe. Nina kioo cha kukuza mara kumi na kioo cha meno cha kuchungulia nyuma ya mbavu. Binti, kama ratiba inaruhusu njoo na mwenzako. Na huyu wa timazi aje, nimechoka kusumbuliwa.

#63 Mwana wa Timazi

Nakuja na pima maji mbili. Moja ya ushahidi.

#64 Koleo la Gerezani

Karibuni sana. Pantoni ya saa mbili asubuhi, nitawapokea upande wa pili. Supu juu yangu.

#65 Tozo Hapana

Wenye gari mtapita darajani? Kuna nafasi moja?